Mbuzi wa Madam Aomba Nyasi

Mwanangu, acha nianze na upumbavu wenyewe, usije ukausikia kwa watu ukiwa umetiwa chumvi. Mamangu mdogo aliniomba nimfundishe kwa Kifaransa namna ya kusema, "Nisaidieni, nina mgonjwa nyumbani." Mimi nikamfundisha kusema, "Mimi ni mbuzi wa madam, naomba nyasi." Na nilimfundisha vizuri. Nilimfanya arudie neno kwa neno mpaka akayatamka kama mtu aliyezaliwa hukohuko.

Najua unajiuliza huyu ni mzee gani anayekuita mwanangu na kesho ana mtihani wa fizikia. Ni kweli, nina miaka kumi na saba, na ndevu zangu ni za kutafutwa kwa tochi. Wazee wetu hapa Malaz, mtaa wetu wa Riyadh, wale wanaokutana Ijumaa baada ya swala kunywa chai ya maziwa na kutusema sisi vijana, husubiri mvi ndipo waanze kutoa nasaha. Mimi nimeona nisisubiri. Weka chini hiyo simu, mchezo wako hauna pa kwenda, unisikilize.

Sisi ni watu wa Mombasa, ila mimi nimekulia Riyadh. Baba anashika hesabu za kampuni ya ujenzi, mama ni nesi. Mamangu mdogo Zainabu, mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Safa, akifanya kazi za nyumbani na kulala hukohuko kwa waajiri wake. Familia moja, lakini sisi tuliingia Saudia kwa mlango wa mbele na yeye kwa mlango wa jikoni. Utotoni sikuliona hilo. Niliona tu kwamba akija Riyadh kututembelea, mara moja kwa miaka mingi, alikuwa akiosha vyombo vyetu kabla mtu hajamwambia, na mama akimnyang'anya sifongo, wakigombana kwa kicheko.

Nyumba ile ya Al-Safa ilikuwa na madam, watoto wake, bosi ambaye haonekani, na Sitti. Sitti maana yake ni bibi. Jeddah ndivyo wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mama mzazi wa madam, kikongwe mdogo wa umbo mwenye sauti ya kutosha kuamrisha kikosi. Madam alimwogopa. Bosi alimwogopa zaidi. Mamangu mdogo alimpenda, kwa sababu Sitti ndiye aliyekuwa akimwambia, "Keti ule kwanza, vyombo havina miguu."

Kiangazi kilichopita madam alikodi nyumba ya mawe katika kijiji kimoja Ufaransa, mashambani kabisa, ili mama yake apumzike na joto letu hili. Mamangu mdogo akaambiwa afunge nguo, anakwenda nao. Na kabla hawajaondoka Sitti alisema, mbele ya nyumba nzima, "Tukirudi, Zainabu anapewa kuruji." Kuruji ni ile ruhusa ya kuondoka Saudia moja kwa moja. Kuna watu huitafuta miaka na hawaipati, maana pasi ya kusafiria iko kwa kafili, mwajiri aliyekudhamini, na kafili hana haraka. Mamangu mdogo ana binti, Rehema, aliyekuwa anaolewa Likoni mwezi wa kumi. Alimwacha akiwa darasa la sita. Kwa hiyo unaelewa alikwenda Ufaransa akiwa na furaha gani. Ahadi ile haikuandikwa mahali. Ilitoka kinywani mwa Sitti, na katika nyumba ile hapakuwa na kitu kigumu kuliko hicho.

Basi huko akawa ananitumia sauti kila siku, na mimi nasikiliza nikiwa nimelala chali chini ya kiyoyozi.

"Wallahi Swaleh, huku ng'ombe ni wengi kuliko watu. Na mwenye duka la mkate, wajua afanya nini? Mchana afunga duka aenda kula. Auza chakula, halafu afunga aenda kula!"

Siku nyingine: "Jua la huku halina haya. Saa nne ya usiku ndio Magharibi yaingia. Sitti auliza nani amesahau kuzima taa."

Akanieleza mashamba ya alizeti, maua yote yametazama upande mmoja kama watu walio kwenye safu ya swala. Akanieleza kengele ya kanisa, na majirani wao, mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakilima bustani ng'ambo ya ua, ambao kila wakimwona hupunga mkono na kusema maneno asiyoyaelewa, naye hupunga na kusema "Alhamdulillahi".

Tatizo lilikuwa lugha. Madam anajua Kiingereza, wanakijiji hawakijui. Na kila asubuhi mamangu mdogo ndiye aliyetumwa mkate. Mimi shuleni nasoma Kifaransa. Usivutiwe sana, Kifaransa changu kinatosha kununua mkate na kumtania mwalimu. Lakini nilimfundisha maneno ya mkate, maneno ya kweli kabisa, akaenda, akarudi na mkate. Siku ile alinitumia sauti akimwambia Sitti kwa Kiarabu chake cha jikoni kwamba mtoto wa dada yake ni profesa. Simu yake ingeweza kumtafsiria. Unabonyeza, unasema, inasema. Aliniamini mimi kuliko simu.

Ndipo ikaja siku yenyewe. Nilikuwa chumbani na rafiki yangu mmoja, nimemweka mamangu mdogo kwenye spika.

"Swaleh, nisikilize, baba. Sitti ana presha, na madam atoka na watoto kila siku kutembea, twabaki wawili. Akishikwa na jambo, niwaambie nini hawa watu?"

Rafiki yangu alikuwa ameshaanza kujibana mbavu. Nilimtazama, naye akanitazama, na ulimi wangu ukatangulia. Nikampa ile ya mbuzi.

"Polepole, mama mdogo. Rudia."

Akarudia.

"Mwisho hapo, laza sauti kidogo. Tena."

"Hivi?"

"Hivyohivyo."

"Yaingia?"

"Yaingia mpaka ndani."

"Mungu akubariki, mwanangu. Nitayasema nikiosha vyombo mpaka mdomo uzoee."

Alipokata simu rafiki yangu alianguka kitandani akilia kwa kicheko. Mimi nilijisikia mfalme. Na ninaapa, mwanangu, nilijiambia kwamba kesho nitampigia nimpe maneno ya kweli. Hiyo kesho ilikuja na mpira, ya pili ikaja na usingizi, na baadaye nikasahau kabisa kwamba kuna mtu mashambani Ufaransa anaosha masufuria huku akijiita mbuzi, kila siku, kwa bidii, kwa ajili ya bibi wa watu.

Likizoni sisi tunalala mchana, si unajua. Joto la nje linaweza kukaanga yai, nani atoke? Siku ile niliamka karibu na Alasiri nikakuta amenipigia mara nyingi. Chini yake palikuwa na sauti moja.

"Swaleh, Sitti ameanguka. Mdomo umekwenda upande. Nampigia madam hashiki, nakupigia wewe hushiki. Nimesema yale maneno yako, nimeyasema mpaka koo limekauka, wale watu wakacheka. Nadhani nimeyakosea, baba. Ulinifundisha vizuri, ulimi wangu ndio mzito."

Nilisikiliza mara moja. Kisha nikaifuta.

Mama alirudi kazini jioni, bado na sare yake. "Umesikia mambo ya huko kwa Zainabu?"

"Nimesikia."

"Kiharusi," alisema, akavua viatu. "Maskini yule bibi."

Nikamtolea kichekesho kuhusu baba na kiyoyozi kilichoharibika. Mama alikuwa na kawaida hiyo, akirudi amechoka huniambia nimchekeshe kidogo. Siku ile alicheka. Kicheko chake kile sijawahi kukisahau, na natamani ningekisahau.

Wakarudi Jeddah. Mwezi wa nane ukaisha, shule ikafunguka, na habari ya kuruji haikutajwa. Sauti za mamangu mdogo zikawa fupi. Mama akimuuliza kuhusu harusi, anajibu, "Tutaona, dada." Mama akimuuliza kuna nini, anajibu, "Hakuna, dada." Mama alivumilia kisha akasema basi, tunakwenda Jeddah tukamwone kwa macho, na wewe Swaleh utakuja maana Kiarabu chako ni cha kuzaliwa nacho, cha kwangu ni cha wodini. Tulipanda basi. Siku nzima ya jangwa, na mimi nikijifariji kwamba huenda hatazungumzia habari ile.

Madam alituruhusu kuingia jikoni. Hakutusalimia sana. Mamangu mdogo alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa aliyoachiwa na marehemu mumewe ameifunga uzi isimtoke. Alitupa chai, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mgeni, akawa anatega sikio kila mara kuelekea chumba cha pili. Humo ndimo alimolala Sitti.

"Sasa sema," mama akamwambia. "Usiniambie hakuna."

Akasema. Siku ile walibaki wawili, Sitti bustanini anamenya matunda. Kisu kikamtoka mkononi. Mamangu mdogo alipomwita, uso ulikuwa umeshuka upande mmoja. Akakimbia mpaka kwenye ua, kwa yule mzee na mkewe, akayasema yale maneno. Mzee akacheka. Akamwita mkewe aje asikie, akamfanyia ishara ayarudie. Akayarudia. Mke naye akacheka. Kisha mzee akainama, akachuma nyasi gao zima, akamkabidhi kwa mikono miwili na kumwinamia kama mtu mkubwa.

"Nikajua ndio dawa yao," mamangu mdogo alisema. "Kwetu si tuna mivumbasha, tuna mwarobaini? Nikasema alhamdulillahi, wamenielewa. Nikarudi mbio. Nikazisugua, nikampaka Sitti usoni na mikononi. Nikakaa nikingoja zimshike."

"Ukangoja," mama alisema polepole.

"Nikangoja, dada. Nikaona hazimshiki. Nikawarudia, nikayasema tena, wakacheka tena, mpaka yule mwanamke akaona nalia. Ndipo akaja. Ndipo wakaita gari, nalo lilitoka mji wa mbali."

Madam alifika kabla ya gari. Akamkuta mama yake chini, hawezi kusema, amepakwa majani uso mzima, na mfanyakazi Mwafrika amepiga magoti juu yake anasoma dua. Mwanangu, wewe umekulia hapa, huhitaji kuambiwa madam alifikiri nini. Sihiri. Na mwanamke wa kazi za ndani akitajiwa sihiri nchi hii, hakuna anayecheka tena.

"Madam aliniambia hapahapa jikoni," mamangu mdogo akaendelea. "Ukitaka kuondoka, nakwenda polisi nawaambia nilichokiona. Ukikaa ukamlea, nanyamaza. Ahadi ya mama yangu mimi siijui, na yeye mwenyewe hawezi kuisema." Akafuta meza isiyokuwa na kitu. "Hata asingenitisha, dada, ningeendaje? Ni ulimi wangu mimi uliomfanya vile."

Kisha akanigeukia. Macho yake hayakuwa na shaka hata kidogo. Yalikuwa macho ya mwanafunzi.

"Hebu nisikilize, Swaleh. Kila siku najiuliza. Nilikosea wapi?"

Akayasema yote. Pale jikoni, mikono mapajani, akalaza sauti mwishoni kama nilivyomwelekeza.

Hakuwa amekosea popote.

Nikitaka, ningesema amekosea neno la pili. Usidhani sikulifikiria. Ningemrekebisha, akatikisa kichwa, akarudi kwa Sitti, na mimi nikarudi Riyadh na siri yangu. Nililifikiria kwa muda ambao sipendi kuufikiria. Kisha nikatazama ule uzi kwenye pete yake.

"Hukukosea, mama mdogo."

"Mbona walicheka?"

"Kwa sababu nilikufundisha useme wewe ni mbuzi."

"Mbuzi."

"Mbuzi wa madam. Unaomba nyasi."

Hakupiga kelele. Alitazama mikono yake, akaigeuza, kama anatafuta rangi ya kijani. "Ndiyo maana," alisema. "Ndiyo maana akanipa." Akacheka mara moja, kicheko kifupi kama kikohozi. Akasimama, akaenda kusimama karibu na sinki akitupa mgongo.

Mama alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini bila sauti. "Hayo uliyotuambia sisi," alisema, "kamwambie mwenye nyumba. Kwa Kiarabu chako kizuri."

Nilimwambia madam sebuleni, nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanyoosha simu yake na kusema, "Yaseme humu, hayo maneno." Nikayasema. Simu ikayageuza Kiarabu kwa ile sauti yake isiyo na haya: Mimi ni mbuzi wa madam, naomba nyasi. Madam aliibonyeza irudie. Ikarudia. Sijui kama umewahi kusikia kichekesho chako mwenyewe kikisomwa na mashine mbele ya mtu ambaye mama yake hawezi tena kumwita jina.

"Majani alipewa," madam alisema.

"Alipewa. Alidhani ni dawa."

Akaingia ndani. Akarudi na pasi ya mamangu mdogo, akaiweka juu ya meza, si mkononi mwangu. "Halas, basi. Aende kwa binti yake. Mama yangu aliahidi, nilimsikia." Nilidhani yamekwisha. Akanyoosha kidole kwenye mlango wa Sitti. "Sasa kamwambie yeye. Anasikia kila kitu."

Sitti alikuwa ameegemezwa mito. Ile sauti ya kuamrisha kikosi ilikuwa imekaa mahali fulani nyuma ya mdomo ule uliopinda, na haikuwa na pa kutokea. Nilipiga magoti nikamweleza yote, tangu rafiki yangu kitandani mpaka nyasi. Jicho moja lilinitazama mpaka mwisho. Kisha akainua ule mkono mzima na kuanza kusema. Alisema kwa muda. Alikuwa anasema maneno, mwanangu, si kelele; yalikuwa na mwanzo na mwisho, na mahali fulani katikati alitulia kama anayengoja jibu. Nilimgeukia madam. Akatikisa kichwa. Nilimgeukia mamangu mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni. Naye hakuelewa. Mpaka leo sijui Sitti alinisamehe au alinilaani, au aliniambia tu niketi nile kwanza. Mimi niliyejifanya mkalimani wa ukoo mzima, sikuambulia hata neno.

Mamangu mdogo alipita, akachukua kitambaa akamfuta mdomo. Aliwahi harusi. Picha alimtumia mama. Rehema amependeza, mama mtu yuko pembeni yake na pete haina uzi. Kwangu hajatuma kitu. Namtumia salamu, naona amezisoma.

Sasa nasaha, kwa maana nasikia tumbo lako likinguruma na mimi fizikia inaningoja. Sikukatazi utani. Mimi mwenyewe bado natania. Juzi nimetolewa darasani. Mtanie mwenye uwezo wa kukujibu. Watanie wakubwa, mtanie mwalimu, nitanie mimi. Lakini akitokea mtu anakuuliza jambo asiloweza kulikagua mwenyewe, njia, dawa, maana ya karatasi, neno la lugha asiyoijua, hapo tia adabu. Huyo amekukabidhi mdomo wake, au miguu yake, na atatembea nayo mahali ambapo wewe hupo. Na kama umeshamdanganya, mrudie leo. Usilale. Mimi kesho yangu ilikuja ikanikuta nimelala. Na uongo wako ukiona umebebwa na mtu mwingine kama kosa lake, mtue.

Mungu akukuze, mwanangu, unizidi mimi akili, na akupe watu watakaokuamini bila kuja kujuta. Amina. Sema amina na wewe.

Lililobaki ni dogo. Tulirudi Riyadh kwa basi lilelile, mama dirishani, hajanisemesha tangu Jeddah. Jangwa lilikuwa likipita. Nilitaka anipige, nilitaka afoke, nilitaka chochote. Mwishowe nikamuuliza: kama wale majirani wangemwelewa mamangu mdogo mara ya kwanza, Sitti angekuwa anaongea leo?

Mama hakugeuka. Aliuchukua mkono wangu akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa wake.

"Mimi ni nesi, Swaleh. Jibu ninalijua. Nakupenda, na sitakwambia."